Tupeane uzoefu: programu ya muziki ikiganda mwimbaji akiwa kwenye maiki, wewe ulitokaje?

Mwenye mada, Kariobangi South

Wadau, hamjambo. Jumamosi nilikuwa na kwaya ya watu 12 hapa kwangu. Walikuwa wamefanya mazoezi wiki tatu, wamechanga pesa ya studio, na mama mmoja wa sauti ya kwanza alikuwa ameomba ruhusa kazini ili afike. Tukafika kiitikio cha mwisho, pale wanapopanda, na walipanda hadi nywele zikanisimama. Sauti ikakwaruza kidogo, kisha mstari wa kucheza ukasimama palepale kwenye skrini. Nikasubiri kama dakika mbili. Kimya. Ikabidi niifunge programu kwa nguvu. Walirudia mara nne, na ule uimbaji haukurudi tena. Nimekaa na uchungu huo tangu siku ile.

Mashine yangu ina RAM 8GB, prosesa ya viini vinne, na diski ya zamani ile ya kuzunguka. Kila ninayemuuliza ananiambia niongeze RAM. Kabla sijatoa pesa nataka kusikia yaliyokupata wewe: ilikuwa inakwama lini, ulishuku nini, na mwishowe ilikuwa nini.

Mdau wa Umoja

Pole sana kaka. Kwaya ikishafika kilele, kuirudisha pale ni kazi ngumu.

Mimi nilisumbuka karibu mwaka mzima, na kumbe ilikuwa bafa, yaani kile kipande cha sauti ambacho kompyuta inakiandaa kwa mkupuo mmoja. Jirani yangu anauza chapati, na kwake ndiko nilikoielewa. Mteja akimaliza ya kwanza kabla ya pili kuiva, sahani inabaki tupu. Kwenye sauti, huo utupu ndio mkwaruzo. Ukifanya kazi kwa sampuli (vipimo vidogo vidogo vya sauti) 44,100 kwa sekunde na bafa yako ni sampuli 128, mashine ina kama milisekunde 3 tu za kumaliza hesabu za plagini zote (programu ndogo za ala na za kurekebisha sauti) kabla ya sahani inayofuata. Kwenye 512 inapata kama 12, na kwenye 1024 inapata 23. Iwe ni FL Studio, Cubase au Reaper, hesabu haibadiliki.

Fundi aliyeniwekea programu aliiacha kwenye 128, nami nikarekodi na kumiksi hapohapo bila kujua. Siku hizi nikirekodi mwimbaji naweka 128 au 256 ili asijisikie amechelewa. Nikianza kumiksi napandisha hadi 1024, maana hakuna anayejisikiliza moja kwa moja. Kadi yako ya sauti, kile kifaa unachochomekea maiki, ikiwa na kitufe cha kumpa mwimbaji sauti yake kabla haijapitia kwenye kompyuta, kitumie. Hapo unaweza kurekodi hata kwenye 512 bila yeye kusikia tofauti.

Na hakikisha unatumia draiva ya ASIO (ile inayounganisha programu ya muziki na kadi bila kuchelewesha sauti) iliyokuja na kadi yako, siyo ile ya kawaida ya Windows.

Mwenye mada

Asante mkuu. Draiva ni ya kadi yenyewe, bafa ilikuwa 256.

Mdau wa Githurai 44

Yangu ilinichukua miezi miwili na sijaona ikisemwa popote, kwa hiyo naieleza yote.

Stima huku kwetu inapotea mara kwa mara. Nikagundua kwamba ikipotea tu, laptopu ikahamia kwenye betri, biti inaanza kukwaruza. Hiyo niliielewa haraka: kwenye betri mashine inapunguza kasi ya prosesa ili ihifadhi chaji. Nikaingia kwenye mipangilio ya nishati, nikaweka utendaji wa juu kwa pande zote mbili, ya betri na ya kuchomekwa. Betri inaisha mapema, lakini angalau namaliza ubeti.

Baadaye chaja ikaharibika, nikanunua nyingine Luthuli Avenue. Pini inaingia vizuri, taa inawaka, betri inajaa. Lakini tangu siku hiyo programu ikawa inakwama hata stima ikiwepo. Nilifuta Windows, nikaweka upya. Nikaondoa plagini moja moja. Nikabadilisha draiva. Hakuna.

Siku moja nikafungua kidhibiti cha kazi (Task Manager) nikaangalia mstari wa kasi ya prosesa. Prosesa ya GHz 2.4 ilikuwa imekwama kwenye 0.8 na haipandi hata nikicheza mradi mzito! Chaja ya zamani ilikuwa ya wati 65, hii mpya ni ya 45. Mashine ilikuwa inaona chaja haitoshi, inajishusha yenyewe ili isizidiwe. Nilivyopata ya 65, tatizo likaisha jioni ileile. Tafadhali geuzeni chaja zenu msome maandishi ya nyuma.

Mdau wa Kayole

Mimi ni joto. Chumba changu cha kurekodia nimekipiga godoro kuta zote, hakina dirisha, na feni naizima kwa sababu maiki inaisikia. Dakika 30 za kwanza safi kabisa, baada ya hapo kukatakata. Ukiona mashine inaanza vizuri kisha inachoka, shuku joto kwanza. Prosesa ikizidi kuchemka inajipunguzia kasi ili isiungue.

Nilipeleka kwa fundi, akatoa vumbi lililokuwa limeganda kama sponji kwenye feni ya ndani, akapaka upya ile dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa. Pia nilikuwa naiweka juu ya mto. Nimeipandisha kwenye vipande viwili vya mbao ili hewa ipite chini, na laptopu yenyewe sasa inakaa nje ya mlango, nyaya ndizo zinazoingia.

Mdau wa Lang'ata

Kwa anayeanza: kama unabonyeza kibodi na sauti inachelewa, na masikioni una vifaa vya Bluetooth, acha kuhangaika na programu. Bluetooth yenyewe inachelewesha sauti kiasi cha kusikika wazi. Tumia waya.

Mdau wa Buruburu

Shikamoo kwa wakubwa. Mimi ni dada ninayerekodi kwaya tu, kwa hiyo hili la mwenye mada linanigusa.

Nilikuwa naangalia kidhibiti cha kazi, prosesa inaonyesha asilimia 35, huku programu inalia imezidiwa. Sikuelewa. Baadaye nikajifunza kwamba traki moja yenye plagini sita zilizofuatana hupitia kwenye kiini kimoja cha prosesa, kwa sababu ya pili inasubiri jibu la ya kwanza, na ya tatu inasubiri la pili. Viini vingine vinakaa bure. Ile asilimia ni wastani wa vyote, haikuonyeshi kiini kimoja kilichojaa pomoni. Na chaneli kuu, ambayo kila kitu hupitia, ndiyo ya kwanza kujaa. Nilikuwa nimeipakia plagini za kudhibiti ukubwa wa sauti (limita na kompresa mbili) na ikwalaiza nzito ya kurekebisha besi na sauti nyembamba, nikiwa bado narekodi. Sasa chaneli kuu inabaki tupu hadi siku ya kumiksi.

Kosa la pili lilikuwa plagini ya mwangwi. Kila mwimbaji nilimwekea wake, sauti 16, mwangwi 16! Nimetengeneza chaneli moja ya mwangwi, sauti zote zinatumwa huko kwa kiasi tofauti. Mzigo ulipungua mno, na kwaya ikasikika kama iko ndani ya kanisa moja.

Kaka, nakuuliza mawili. Ulisema ilikwaruza kidogo kisha ikasimama kabisa. Prosesa ikizidiwa, mara nyingi mkwaruzo unaendelea na mstari bado unatembea. Kusimama kabisa kunanifanya nifikirie diski au RAM iliyojaa. Je, ulikuwa na piano au ala kubwa yenye faili nyingi za sauti? Na taa ya diski ilikuwa inawaka bila kupumzika?

Mdau wa South B

Nunua mashine mpya mkuu, utahangaika hadi lini?

Mdau wa Umoja

Ndugu, aliye na laptopu moja na wateja wa Jumamosi hawezi kuambiwa hivyo. Huyu wa Githurai angenunua mashine mpya kwa sababu ya chaja?

Mwenye mada

Dada wa Buruburu, umenishika penyewe. Taa ilikuwa inawaka mfululizo, niliiona na sikuitilia maanani. Piano niliyotumia ni ya gigabaiti kadhaa, inasomwa kutoka kwenye diski huku inacheza. Diski hiyohiyo ndiyo ilikuwa inaandika maiki nne, na hapohapo kuna kuhifadhi kwa kiotomatiki kila dakika 5. Diski ya kuzunguka ina mkono mmoja unaokimbia huku na kule, nami nilikuwa nimeupa kazi tatu.

Jana usiku nimefanya jaribio. Piano nimeigeuza kuwa faili moja la sauti na plagini yenyewe nimeizima. Kuhifadhi kwa kiotomatiki nimekusimamisha wakati wa kurekodi, nahifadhi mwenyewe kila ubeti ukiisha. Nimechomeka maiki nne, nimerekodi redio kwa dakika 40 mfululizo, bafa 256. Haikukwama hata mara moja, na taa ilikuwa inapepesa tu. Ile pesa ya RAM inaenda kwenye SSD, diski ya kisasa isiyozunguka.

Nimempigia mwalimu wa kwaya, nimewaomba warudi Jumapili baada ya ibada ya pili, bila malipo. Mama wa sauti ya kwanza amesema anakuja. Chaja pia nimeigeuza nikasoma, ni ya 65.