Gitaa gani la besi na amplifaya gani kwa taarabu ya Lamu?

Besi wa Langoni (Lamu)

Assalaam alaykum waungwana. Kikundi chetu kinapiga taarabu ya harusi hapa Lamu, tukiwa na udi, fidla, kinanda, dumbaki na ngoma, na hadi sasa besi limekuwa likipigwa kwa mkono wa kushoto wa mpiga kinanda. Tumekubaliana mimi nishike gitaa la besi, na fedha tulizochanga zinatosha gitaa moja na amplifaya moja tu. Nimeona Mombasa magitaa mawili ya bei moja: la kwanza ni la nyuzi nne la muundo wa Precision wa kampuni ya Fender, lisilotumia betri, na la pili ni la nyuzi tano lenye betri ya volti 9 na vinobu vingi vya kurekebisha sauti. Kuhusu amplifaya, nimeoneshwa moja ya wati 100 iliyojengwa pamoja na spika yake ya inchi 15, na nyingine ndogo ya wati 500 ambayo haina spika, hivyo kasha la spika litanunuliwa kando.

Sauti ninayoitafuta ni ile ya besi kubwa la kusimama katika taarabu ya zamani: nene, isiyo na ukali mwanzoni mwa noti, inayozimika mapema, na inayomwachia mpiga udi nafasi yake. Sitaki mlio wa chuma. Mjue pia kwamba tunapiga mara ndani ya nyumba za mawe, mara uwanjani Mkunguni mbele ya Ngome, na vyombo vyote huvushwa kwa boti kisha hubebwa na punda au mabegani.

Ami wa Mkomani (Lamu)

Waalaykum salaam, mwanangu. Kwa sauti uliyoieleza, chukua la nyuzi nne. Fender walilitoa Precision mwaka 1951, na mwaka 1957 wakalipa ile pikapu, yaani kinasa mlio wa nyuzi, iliyokatwa vipande viwili ambayo ndiyo inayojulikana hadi leo. Iko katikati ya mwili wa gitaa, haivumi kwa umeme wa nyumbani, na sauti yake imejaa pale hasa ambapo besi linahitajika. Lakini gitaa ni nusu tu ya jambo hili, na nusu nyingine, ambayo wauzaji hawaitaji, ni nyuzi. Magitaa mengi huja dukani yamefungwa nyuzi zilizozungushiwa waya wa duara, na hizo ndizo zinazotoa mlio wa chuma unaoukimbia. Vua hizo, ufunge nyuzi zilizozungushiwa waya bapa, ambazo uso wake ni laini, kidole hakikwaruzi juu yake, na noti hutoka ikiwa imekomaa. James Jamerson, aliyepiga besi katika rekodi nyingi za kampuni ya Motown kule Detroit, alitumia Precision ya mwaka 1962 yenye nyuzi bapa, akaweka na sponji chini ya nyuzi karibu na daraja (pale nyuzi zinaposhikwa kwenye mwili wa gitaa) ili noti zisiburuze. Kipande cha sponji hakina gharama, nawe utapata ule uzimaji wa mapema unaoutaka. Kisha pigia karibu na shingo, kwa nyama ya kidole na si kwa ukucha, na kinobu cha toni ukishushe hadi nusu.

Uzi wa tano usikushawishi. Uzi mnene wa besi la nyuzi nne, yaani E, una hezi 41, ndiyo mitetemo 41 kwa sekunde. Uzi wa tano, B, unashuka hadi hezi 31, na spika za kawaida hazizitoi hezi hizo kwa nguvu, bali hutetemeka na kukutafunia wati bila sauti ya maana kusikika. Katika taarabu hakuna kazi huko chini. Nyuzi nene za udi zenyewe, kulingana na zilivyofungwa, hukaa kwenye hezi 65 na kuendelea, kwa hiyo besi likikaa chini kwa utulivu, udi utasimama juu yake bila kugombana.

Liko jambo ambalo hukuliuliza nami nalihesabu kuwa kubwa kuliko gitaa: mpiga kinanda lazima apumzishe mkono wa kushoto kuanzia siku utakayoingia. Besi mbili zikipiga noti ileile bila kulingana sawasawa, hakuna amplifaya duniani itakayoisafisha sauti hiyo, na lawama itakuangukia wewe.

Gitaa Malindi

Naomba kutofautiana kidogo na Ami, kwa heshima zote. Sisi hapa Malindi tunapiga katika hoteli, na usiku mmoja unaweza kuwa na chakacha, rumba na nyimbo za wageni. Kwa kazi ya namna hiyo muundo wa Fender Jazz, uliotoka mwaka 1960, una faida kwa kuwa una pikapu mbili, kila moja na kinobu chake: ukiinua ya mbele pekee unakaribia unene wa Precision, ukiongeza ya nyuma noti zinachomoza katika chakacha ya kasi, ambako besi laini mno hupotea chini ya ngoma. Shingo yake pia ni nyembamba karibu na vigingi, na mkono hauchoki upesi. Ubaya wake ni kwamba pikapu moja ikitumika peke yake huvuma kwenye nyumba yenye nyaya mbovu, na uvumaji huo huondoka tu zote mbili zikiwa zimeinuliwa sawa.

Nauliza vilevile, mbona hakuna aliyetaja besi lisilo na freti, vile vipande vya chuma vinavyokata shingo ya gitaa? Udi hauna freti, na fidla haina. Chukua maqamu, yaani ngazi za sauti za Kiarabu: katika Rast ya C, hatua ya tatu iko kati ya E flati na E, na katika Bayati ya D hatua ya pili iko papo hapo. Gitaa lenye freti haliwezi kuifikia sauti hiyo bila kuvuta uzi.

Ami wa Mkomani (Lamu)

Hoja yako ya freti ni ya kweli, mwanangu wa Malindi, nami ninalipenda besi la namna hiyo. Hata hivyo, kwa anayeanza, noti iliyokosewa kwa upana wa kidole huiharibu taarabu nzima, kwa sababu wote wanaopiga na kuimba hupimia sauti zao kwa besi. Lenye freti litamtosha akikaa kwenye noti ya msingi na ya tano yake, na hatua hizo za kati akamwachia udi, ambao ndio wenye haki ya kuzitamka.

Fundi Vyombo (Malindi)

Kuhusu amplifaya, tusizitazame wati peke yake. Kuongeza wati maradufu huongeza desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ongezeko ambalo sikio hulitambua bila kustaajabu; ili sauti isikike kana kwamba imekuwa mara mbili huhitajika wati takriban mara kumi. Kwa besi, wati za ziada ni akiba: noti inapoanza hudai nguvu nyingi kwa muda mfupi sana, na amplifaya iliyofikia mwisho wake huikata noti hiyo na kuikwaruza. Ndiyo maana amplifaya ya Ampeg SVT ya mwaka 1969 ilipewa wati 300 na kasha la spika nane za inchi 10. Lakini kasha lile lina zaidi ya kilo 60, na simshauri mtu yeyote kulivusha kutoka gati ya Mokowe, huko bara.

Chukua ile ndogo ya wati 500. Amplifaya za aina hii, zinazoitwa za daraja la D, nyingi hazifiki kilo 3, na kasha lenye spika moja ya inchi 12 au mbili za inchi 10 hubebwa na mtu mmoja au wawili bila taabu. Soma maandishi ya nyuma kabla ya kulipa. Wati 500 kwa kawaida hupatikana kwenye omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika). Kasha moja la omu 8 litapokea karibu nusu yake, nayo inatosha nyumbani. Mkipiga Mkunguni, azimeni kasha jingine la omu 8, muunganishe yote mawili sambamba ili mfikie omu 4. Msishuke chini ya kiwango cha omu kilichoandikwa, maana amplifaya itapata joto na kujizima, au kuungua. Hakikisha pia inakubali volti 240, kwani nyingine zinazoletwa kutoka Marekani ni za volti 120 na huhitaji transfoma. Hakikisha vilevile ina tundu la kupeleka sauti moja kwa moja kwenye miksa, ili uwanjani spika kubwa zibebe mzigo.

Chumvi ya bahari hula vinobu na matundu ya waya. Kila baada ya shughuli futa nyuzi kwa kitambaa kikavu.

Besi wa Langoni (Lamu)

Ami, Fundi, na ndugu wa Malindi, nimefaidika mno. Swali moja limebaki: katika nyumba za mawe, hata kinanda kinapopiga besi, kuna noti moja inayovuma kupita kiasi na kuzifunika nyingine. Je, ni kasoro ya spika?

Fundi Vyombo (Malindi)

Hapana, ni chumba chenyewe. Vyumba vya zamani vya Lamu ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti, na kwa kawaida ni karibu mita 2.8. Sauti huenda takriban mita 350 kwa sekunde kwa joto letu. Gawa 350 kwa mara mbili ya upana huo, yaani 5.6, utapata karibu hezi 62, ambayo ndiyo B iliyo kwenye freti ya pili ya uzi wa A. Noti hiyo na majirani zake zitavuma katika kila chumba cha upana huo, utumie gitaa lolote.

Usiweke kasha kwenye pembe ya chumba, kwa kuwa kuta mbili zinazokutana huongeza besi zaidi. Liinue juu ya kiti, liweke katikati ya ukuta mfupi, kisha punguza kidogo kinobu cha sauti za chini kwenye amplifaya. Uwanjani ukirudishe, maana pale hakuna ukuta wa kukusaidia. Unapojaribu dukani, usipige haraka haraka kama wafanyavyo wengi. Piga noti moja moja kutoka E hadi G ya juu kwa nguvu ileile, na usikilize kama ipo inayozama au kukwaruza, kwanza kwa sauti ndogo, kisha kwa sauti utakayoitumia harusini.

Ami wa Mkomani (Lamu)

Na nyuzi bapa uzinunue siku hiyohiyo ukiwa Mombasa, za gitaa refu la inchi 34, kwa kuwa zipo pia fupi za magitaa ya inchi 30 na hazitafika kwenye vigingi.