Mwalimu hodari ndiye afanywe mwalimu mkuu?

Mleta mada (Wete)

Asalaam aleykum nyote. Naleta suala ambalo hapa Pemba tunalizungumza barazani kila uteuzi unapotoka, na kila mara linaishia kwenye majina ya watu. Leo majina tuyaweke kando.

Skuli moja ya sekondari ninayoijua ilikuwa na mwalimu wa hisabati ambaye watoto wakimfuata mpaka nyumbani baada ya laasiri. Wanakaa kwenye jamvi, yeye anaandika kwa chaki juu ya mlango wa ukumbi. Alipofanywa mwalimu mkuu, mtaa mzima tulifurahi. Mwaka wa pili nilikwenda kumtazama ofisini. Mezani palikuwa na maboksi matatu ya chaki, daftari la mahudhurio ya walimu na rundo la barua zisizofunguliwa. Yeye ameinama anasahihisha madaftari ya Kidato cha Tatu, darasa ambalo si lake tena, kwa sababu lilikaa muhula mzima bila ya mwalimu wa hisabati. Nje walimu wawili wanagombania chumba, maana ratiba imewapanga wote hapo hapo saa ile ile. Hakutoka. Akaniambia, "Waache waelewane, ni watu wazima."

Simlaumu. Tulimpa kazi nyengine kabisa, sisi tukidhani tumempa cheo cha kazi ile ile.

Mfaransa Henri Fayol aliandika mwaka 1916 kwamba kazi ya meneja ni kupanga, kuweka watu na vitu mahali pake, kuamuru, kuoanisha kazi za watu mbalimbali, na kudhibiti, yaani kuhakikisha kilichopangwa ndicho kinachofanyika. Katika hayo matano, kufundisha hisabati hakumo. Akasema pia kwamba kadiri mtu anavyopanda ngazi, ujuzi wa ufundi wake unapungua umuhimu na ujuzi wa kuendesha unazidi, na kwamba ujuzi huo wa kuendesha unafundishika, basi ufundishwe. Sisi tunaufanya kama kipaji kinachomshukia mtu siku anayopokea barua ya uteuzi.

Msimamo wangu: ukuu usiwe zawadi ya kufundisha vizuri. Anayetakiwa kuwa mkuu asomeshwe kwanza, Chuo cha Utawala wa Umma kipo, kisha akae msaidizi mwaka mzima. Na mwalimu hodari wa darasani apandishwe mshahara akiwa huko huko darasani, asilazimike kuikimbia chaki ili apate maslahi. Karibuni mnipinge.

Mwalimu mkuu mstaafu (Mkoani)

Waaleykum salaam mwanangu. Nakupinga.

Walimu hawamsikilizi mtu ambaye hajashika chaki. Nimekaa kwenye ukuu miaka kumi na nne. Siku moja napita dirishani, namsikia kijana anafundisha kujumlisha sehemu kwa kujumlisha namba za juu na za chini. Nikamsubiri mpaka kipindi kikaisha, nikamwita pembeni, nikamwonyesha. Meneja uliyemsomesha wewe angepita dirishani hapo, akaona darasa limetulia, akaandika "vizuri" kwenye daftari lake.

Na huyo Fayol wako mwenyewe alikuwa injinia wa migodi. Aliingia kazini 1860, ukurugenzi akaupata 1888. Hakuokotwa chuoni akawekwa juu.

Kuna jambo jengine. Msimu wa karafuu watoto wanapotea skuli. Kuna mwaka darasa zima la sita nilibaki na wanafunzi tisa. Nikaenda shambani kwa mzazi mmoja ambaye ndiye aliyekuwa na watoto wengi dagoni, yaani kambi ya wachumaji karafuu. Nimemkuta kwenye jamvi anachambua karafuu na makonyo. Sikumwambia neno la skuli. Nikakaa, nikachambua naye mpaka vidole vikageuka rangi, tukasali magharibi pamoja, ndipo nikamwambia. Tukakubaliana Jumamosi na Jumapili ni zake, siku tano ni zangu. Wenziwe wakamfuata. Alinikubalia kwa sababu nimemsomesha yeye kabla ya kumsomesha mwanawe. Chuo kipi kingenifundisha hilo?

Msimamizi wa vyumba, hotelini (Paje)

Mie si mwalimu lakini suala hili linanihusu. Nilikuwa natandika vitanda vizuri kuliko wote, ndipo nikafanywa msimamizi. Miezi mitatu ya mwanzo nilikuwa nikiingia chumba alichokimaliza mwenzangu, naitoa shuka, natandika upya mwenyewe. Wenzangu wakaona hakuna haja ya kujitahidi. Mgeni anafika saa nane, vyumba sita havijawa tayari, na mie niko magotini nanyoosha pembe ya shuka.

Dada mmoja wa zamani ndiye aliyeniponya. Aliniambia niingie chumbani mikono nyuma: niangalie, niseme, nitoke, asiyekitandika vizuri akirudie mwenyewe. Nililia, kwa kweli. Kusimamia kuliniuma kuliko kufanya. Kwa hiyo namuunga mkono mleta mada: hiki kitu mtu afundishwe kabla, asiachiwe akaharibu ndipo ajifunze.

Mzazi (Konde)

Nyinyi mnazungumza Wafaransa. Nimekwenda skuli mara mbili kwa ajili ya kijana wangu, mara zote naambiwa mkuu yuko mkutanoni Chake Chake mjini. Msaidizi yupo, ananitazama, anasema hana ruhusa ya kuamua. Mkuu wa namna gani huyo ambaye akitoka na funguo za skuli nzima zinatoka naye? Awe amesomea au hakusomea, kwanza aache mtu wa kuamua.

Mleta mada (Wete)

Shikamoo mzee. Dada wa Paje, umenipa mfano ambao mie sikuwa nao. Mama wa Konde, hilo ni kasoro ya uendeshaji hasa, na wala halitaki fedha: ni barua moja ya kumpa msaidizi madaraka.

Mzee, nakukubalia moja. Mkuu lazima awe amefundisha. Robert Katz mwaka 1955 alizitaja stadi tatu za meneja: ya kazi yenyewe, ya kuishi na watu, na ya kuiona taasisi kwa ujumla wake. Kule dirishani ulitumia ya kwanza, na asiyekuwa nayo asingesikia kosa lile. Kwa hiyo nalirekebisha pendekezo langu: asomeshwe aliyekwishafundisha, asiletwe mgeni wa darasa.

Lakini kule shambani hukuwa mwalimu. Mkanada Henry Mintzberg aliwafuatilia wakurugenzi watano, na mwaka 1973 akaandika kwamba meneja ana majukumu kumi, kuanzia kupokea wageni kwa niaba ya taasisi, kugawa rasilimali, kuzima matatizo ya ghafla, mpaka kujadiliana na watu wa nje. Nusu ya shughuli za wale watano hazikufika hata dakika tisa. Mwalimu amezoea kipindi kizima mlango umefungwa, hakatizwi. Ghafla anawekwa kwenye meza ambayo kila baada ya muda mdogo anaingia mtu na jambo lake. Rafiki yangu yule aliyakimbilia madaftari kwa sababu ndiyo kazi pekee pale mezani aliyokuwa na hakika nayo.

Nakuuliza kwa heshima: ulikwenda shambani mwaka wa ngapi wa ukuu wako?

Mwalimu mkuu mstaafu (Mkoani)

Marahaba. Mwaka wa sita.

Miaka mitano ya mwanzo nilikuwa nikiwaandikia wazazi barua za onyo, nampelekea sheha azigawe. Hakuna hata mmoja aliyejibu. Wengi wao hawakuweza kuzisoma, na mie nilikuwa nalijua hilo.

Hapo umenishika, nasema kweli. Watoto wa miaka ile mitano sasa ni watu wazima, baadhi yao nawaona Mkoani bandarini wanabeba magunia. Basi msaidizi asomeshwe kabla, nakubali. Ila lile la mshahara wa mwalimu anayebaki darasani uliwekee mkazo zaidi. Bila ya hilo kila hodari ataendelea kuomba ofisi, na Kidato cha Tatu chako kitabaki vile vile.