Nyanya pori za pakiti moja hazifanani, ning'oe?

binti_wa_kitalu
Wakuu, naombeni msaada kabla ya Jumatatu. Niko Arusha kwa mazoezi ya vitendo. Nimekabidhiwa nyanya pori, Solanum habrochaites, asili yake milima ya Peru na Ekuador. Kazi yangu ni kupima maumbile yake, kisha tuvune mbegu za kuhifadhi. Mimea 14, pakiti moja.

Sasa minne ina shina la zambarau na vinyweleo vichache. Kumi iliyobaki ina vinyweleo tele, ukiishika vidole vinanata na harufu haitoki hata kwa sabuni. Mwenzangu anasema ile minne ni mbegu iliyochanganyika, niing'oe. Nimeilea tangu ikiwa kwenye trei, roho inakataa. Halafu maua yanadondoka yote, hakuna tunda hata moja.

mzee_wa_mbegu
Binti yangu, usiing'oe. Wewe umezoea nyanya za kula kama Tanya na Tengeru 97. Hizo hujichavusha zenyewe, ndiyo maana shamba zima linafanana. Habrochaites kwa sehemu kubwa huikataa chavua yake yenyewe, inangoja nyuki ailetee ya jirani. Mimea ya pakiti moja ni ndugu tu, si pacha. Ukibakiza ile inayofanana, umeshatupa sehemu ya ulichoambiwa uhifadhi.

Maua kudondoka kunanipa jibu hilohilo. Kitalu chako kina neti, sivyo? Nyuki hawaingii. Tikisa maua ya mimea yote 14 juu ya kioo, changanya chavua, kisha ipake kwenye stigma, ile ncha ya ua inayopokea chavua. Utaiona imechomoza nje ya ua.

Ukipata tunda jekundu lisilo na manyoya, hapo ndipo useme mbegu imechanganyika. La habrochaites hubaki kijani, lina manyoya.

mkulima_wa_nyanya
Shikamoo mzee. Mimi kantangaze, yule kiwavi wa nyanya, na nzi weupe wamenitia hasara misimu miwili. Hivyo vinyweleo vinasaidia?

mzee_wa_mbegu
Marahaba. Vinasaidia, vile vyenye tezi. Vinatoa utomvu unaonata, mdudu mdogo ananasa au anakimbia harufu. Wazalishaji wa mbegu wanahangaika kuihamishia sifa hiyo kwenye nyanya ya kula, na si kazi ya msimu mmoja. Ndiyo maana nataka binti aandike kila mmea kwenye mstari wake. Akijaza wastani peke yake, mmea wenye vinyweleo vingi kuliko yote utapotelea humo, na ule wa zambarau pia, ambao huenda una jambo lake ambalo hatujalipima.

binti_wa_kitalu
Asante sana mzee wangu. Mwenzangu nimemsomea, amekubali tusubiri matunda. Leo asubuhi nimefunga uzi mwekundu kwenye ile minne na kuipa namba, 11 hadi 14. Nimepaka chavua maua 60. Stigma ya namba 12 imechomoza milimita 4, ndefu kuliko zote.

mzee_wa_mbegu
Hiyo 12 ipige picha na rula pembeni.