Mafundi makabati, mtatuharibia vichwa vya skrubu mpaka lini?

Wakuu, nimeshika koleo tangu saa tatu asubuhi, kwa hiyo lugha yangu leo mnivumilie.

Mwezi wa tano nilimlipa fundi anifungie makabati ya jikoni. Kazi ikapendeza, nikampa na ya soda. Leo mlango mmoja umeinama kidogo, nikajisemea hiyo si kazi ya kumwita mtu: nalegeza bawaba, nanyanyua, nakaza. Kuweka bisibisi, inazunguka bure! Namulika na tochi ya simu, kichwa cha skrubu kimelika, limebaki shimo la duara kama kitovu. Ya pili vilevile. Nimezunguka makabati yote, zimelika 11.

Nikampigia. "Bosi, skrubu za siku hizi laini." Laini? Nilizinunua mwenyewe na zilizobaki ninazo hapa. Ukiacha ule msalaba, kichwani kuna vimistari vinne vyembamba, kila kimoja katikati ya mikono miwili. Hiyo ni skrubu aina ya Pozi, biti yake (ile ncha ya kuchomeka kwenye drili) ni PZ2. Sasa juu ya kabati nimekuta biti aliyoisahau: PH2, yaani ya skrubu aina ya Filipsi, ile ya kufungia jipsamu, na ncha imeshakuwa butu inang'aa.

Kwa macho zote ni "nyota", najua. Lakini PH imechongoka kuelekea nchani, kwa hiyo ndani ya tundu la PZ inashika juujuu tu. Ukikaza, inapanda na kuruka nje, na kila ikiruka inakwangua chuma. Ile "trrrrr" mnayoifurahia mkidhani imekaza, ndiyo kichwa kinaliwa hicho!

Halafu drili spidi ya mwisho, ringi ya kupimia nguvu imegeuzwa kwenye alama ya kutobolea, yaani nguvu zote. Bawaba ya kabati jamani, au unafunga injini ya Fuso?

Saba nimezitoa kwa kuweka kipande cha tyubu ya baiskeli kati ya biti na skrubu, nikakandamiza kwa uzito wote na kugeuza kwa mkono, taratibu. Moja nimeichonga mfereji kwa msumeno wa chuma nikaitoa kwa bisibisi bapa, na rangi ya mlango nimeikwangua vizuri tu, mama watoto hajaona bado.

Zimebaki tatu. Mwenye njia ya kuzitoa bila kuchana MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) aje haraka, anarudi saa kumi na moja.