Mjadala: Filamu za watoto zinafundisha kuchukia matajiri, au tunazisingizia?

Mwalimu wa Katuba, Lubumbashi

Ndugu zangu, salamu. Naleta mada hii kwa sababu tumeibishania sana hapa Katuba likizo nzima. Wazazi wawili wa mtaani kwangu wanasema filamu za familia zinajaza watoto chuki kwa wenye mali: kila tajiri mwovu, kila kampuni mnyang'anyi. Mimi nasema siasa ya pesa imo ndani, tena nyingi, ila siyo ile wanayoiogopa.

Lawama hii haikuzaliwa kwetu. Desemba 2011 kituo cha Fox Business cha Marekani kiliishambulia The Muppets, filamu ya vikaragosi ya Disney iliyokuwa imetoka mwezi uliotangulia. Kosa lake lilikuwa adui wa hadithi: Tex Richman, tajiri wa mafuta anayetaka kubomoa ukumbi wa vikaragosi achimbe mafuta yaliyo chini yake. Mtangazaji Eric Bolling na mgeni wake wakalalamika kwamba Hollywood inawalisha watoto kasumba dhidi ya ubepari. Mwaka uliofuata The Lorax nayo ikashutumiwa hivyo hivyo, kwa kuwa inamsimulia kijana anayekata miti hadi wa mwisho apate kuuza bidhaa yake.

Sasa tazameni. Huyo Lorax, mtetezi wa miti, mwaka huohuo wa 2012 alitokea Marekani akitangaza gari la Mazda. WALL-E ya 2008 inaonyesha dunia iliyofunikwa na taka baada ya kampuni moja, Buy n Large, kuuza kila kitu. Filamu yenyewe ni ya Disney, na yule roboti akauzwa madukani kama mwanasesere. Kampuni hazitoi mamilioni ya dola ili ziangushwe. Zinachofanya ni kutuwekea tajiri mmoja mbaya. Tex Richman mwishowe anapigwa na mpira kichwani, anaanza kucheka, anawarudishia vikaragosi ukumbi wao. Imekwisha! Mtoto anaondoka akiamini kwamba shida ni roho mbaya ya mtu mmoja, na roho hiyo ikibadilika, kila kitu kinakaa sawa.

Watoto wetu wanakua wakiuona mlima mweusi wa mabaki ya shaba na lile bomba refu la moshi la kiwanda. Shaba ilianza kuyeyushwa hapa mwaka 1911, chini ya Union Minière, kampuni ya Wabelgiji. Mwaka 1967 ikaja kampuni ya serikali, ambayo baadaye iliitwa Gécamines. Leo kuna kampuni za mataifa mbalimbali, na kobalti ya Kongo, madini ya kutengenezea betri, nyingi ikitoka Katanga hii, ni zaidi ya nusu ya inayochimbwa duniani. Wenye migodi wamebadilika na anayebeba gunia bado ni yuleyule. Hapa hajawahi kuwako Tex Richman ambaye angepigwa kichwani mambo yakanyooka. Kwa hiyo mimi silalamiki kwamba filamu hizi ni kali mno kwa wenye mali. Nalalamika kwamba zinawaachilia kirahisi. Semeni.

Muuza vitenge, komini ya Kenya, hapa Lubumbashi

Mwalimu, aksanti kwa mada, lakini wewe unazungumzia migodi na mimi nina mtoto nyumbani. Wa miaka 9. Aliniuliza kama watu wenye duka ni wabaya. Neno hilo hakulitoa kwangu wala kanisani. Mimi nilianza na vipande vichache vya kitenge kichwani, natembea mlango kwa mlango, jua na mvua. Faida ndiyo iliyolipa shule yake na dawa za mama yangu. Katika filamu hizo, yuko wapi mtu anayeamka saa kumi za usiku kwenda kupokea mzigo? Yuko wapi fundi wa kulehemu aliyeajiri vijana wawili? Mwenye pesa akitokea, ana suti na sigara, basi mtoto anajua huyo ndiye mwovu. Ukimfundisha mtoto kwamba faida ni wizi, atakua anaona haya kufanya biashara, na kazi za kuajiriwa mjini hapa mnajua zilivyo adimu.

Halafu mbona hamumtaji Oncle Picsou, yule bata wa katuni za Disney anayeogelea kwenye sarafu? Ndiye tajiri kuliko wote na watoto wanampenda. Mafundisho yako ya siasa hapo yako wapi?

Mzee wa kambi ya Gécamines

Wanangu, kabla ya televisheni sisi tulikuwa na sinema ya padri. Nilizaliwa Kasai, na huko miaka ya 1950 Padri Albert Van Haelst alitengeneza vichekesho vya Matamata na Pilipili, mmoja mnene, mwingine mwembamba. Tulicheka hadi machozi, na chini ya kicheko kulikuwa na somo: tii, fanya kazi, usiige mambo yasiyokuhusu.

Chukueni na Tintin, yule mwandishi wa habari katika vitabu vya katuni vya Mbelgiji Hergé. Katika toleo la 1931 la safari yake ya Kongo, anasimama mbele ya watoto weusi darasani na kuwafundisha juu ya nchi yao, Ubelgiji. Hergé alipolichora upya mwaka 1946, somo likageuka hesabu. Lakini angalieni nani mwizi katika kitabu hicho: majambazi wa Al Capone, mkuu wa wahalifu wa Marekani, wanaozitaka almasi za Kongo. Forminière, kampuni iliyokuwa ikichimba almasi kwetu Kasai wakati huohuo, haimo. Mwalimu, hili linakuunga mkono.

Mwalimu wa Katuba, Lubumbashi

Kabisa, Papa. Na Mama, kuhusu Picsou: mwaka 1971, huko Chile, Ariel Dorfman na Armand Mattelart waliandika kitabu kizima juu ya hao bata wa Disney. Walionyesha kwamba utajiri wao unatoka nchi za mbali, ambako wenyeji wanatoa hazina kwa vitu vya bure. Baada ya mapinduzi ya 1973 wanajeshi walikichoma moto. Bata anayependwa naye ana siasa yake.

Sisi wenyewe tulikuwa na kitu kikali zaidi. Miaka ya 1970 sebule nyingi za mji huu zilikuwa na mchoro wa mamba muntu, yule nusu mwanamke nusu samaki, na watoto walikula bukari, yaani ugali, wakimtazama. Anayepata nywele zake anatajirika, lakini kwa masharti, na anayelipa kwa uhai wake ni ndugu. Pale hakuna tajiri mwenye kicheko kibaya. Kuna mapatano, na anayeyalipia si yule aliyeyakubali. Hilo ndilo ningependa mtoto wa Lubumbashi aulize kila akiona mali: nani alilipa? Faida yako, Mama, inaweza kujibu swali hilo. Mtoto alipokuuliza, ulimwambia nini?

Muuza vitenge, komini ya Kenya

Nilimfungulia daftari. Nikamwonyesha ninaodaiwa nao na ninaowadai, usafiri, ushuru wa soko, kilichobaki. Akauliza mbona anayenishonea nguo za mfano anapata kidogo kuliko usafiri. Tulizungumza hadi chakula kikapoa, na mshonaji nimemwongezea. Lakini sijahama pale nilipo: nataka filamu moja ya watoto yenye mwenye duka mwema, anayefanya hesabu zake mbele ya watu. Mwenye kuijua aandike jina lake hapa.