Ulinganisho: bastola, shotigani ya pampu au mitutu miwili kwa ulinzi wa nyumba?

Mlinda Kizingiti

Wakuu, tulinganishe kwa vipimo, ushabiki tuuweke kando. Nyumba ni ya kawaida, pembezoni mwa mji: tofali za inchi 6, dari ya jipsamu, milango ya ndani ya mbao nyepesi, nondo madirishani, korido ya mita 7 kutoka sebuleni hadi vyumbani. Watoto wawili na dada wa kazi wanalala humo. Mwenye nyumba anaomba kibali cha silaha moja tu.

1. Bastola ya 9 mm, ukubwa wa Glock 19. Risasi 15 kwenye magazini, uzito kama gramu 600 ikiwa tupu.
2. Shotigani ya pampu (unavuta na kusukuma mpini kila risasi) namba 12, mfano Mossberg 500 au Remington 870. Mtutu wa sm 47, kilo 3 na ushee, risasi 5 hadi 7 kwenye bomba.
3. Shotigani ya mitutu miwili ya kuvunja (inakunjwa katikati ili kujazwa), mfano Baikal. Risasi 2, basi.

Raifo nimeiacha kwa makusudi, risasi yake inasafiri mbali mno kwa mtaa wenye majirani. Magobole hayajadiliwi hapa: mtutu wa bomba la maji hupasuka usoni mwa mpigaji, na kuwa nalo bila kibali ni jinai.

Mimi naanza na pampu. Nipingeni.

Shibiri

Pampu si mbaya mkuu, ila kwanza tuondoe lile dai la vijiweni la "shotigani hailengwi". Kwa mtutu usiobanwa mdomo, gololi (punje zilizomo ndani ya risasi yake) hutawanyika kama sm 2 mpaka 2.5 kwa kila mita. Ukiwa mita 5 unapata duara la sm 10 hadi 12. Mwisho wa korido yako ni kisahani cha chai. Ukikosa kwa shibiri moja, umekosa kwa gololi zote tisa, na zote tisa zinaendelea na safari.

Risasi ndiyo inayoamua tabia ya shotigani kuliko jina lililoandikwa ubavuni. Ganda la kawaida la mm 70 la aina ya 00 lina gololi 9 za mm 8.4. Hiyo ndiyo ya ulinzi. Marisau ya ndege, tuseme namba 7½, ni punje za mm 2.4: zinachana ngozi vibaya lakini haziingii ndani, na mtu aliyedhamiria anaweza kuendelea kuja. Ile ya pande moja la gramu 28 ni ya nguruwe pori shambani. Ndani ya nyumba isahau.

Halafu ukuta. Tofali la inchi 6 lililojaa, lenye plasta pande zote, kwa kawaida husimamisha 9 mm na gololi za 00. Lile la saruji kidogo na mchanga mwingi, ambalo ukilikwangua kwa ufunguo linamwagika, usilitegemee. Wala risasi haichagui kupita kwenye tofali. Mlango wa mbao nyepesi na dari ya jipsamu ni kama karatasi kwa zote tatu ulizotaja. Kabla hujachagua silaha, simama pale utakapokuwa usiku na unyooshe kidole kuelekea mlangoni. Nyuma ya mlango ule kuna kitanda cha nani?

MkaziWaKaunti

Niongeze ya huku Kenya. Mjini wengi wanaomba bastola, na Ceska (bastola ya Kicheki) ni jina ambalo hata asiyemiliki analijua. Sababu kubwa ni mkono wa pili. Usiku wa tukio mkono mmoja una simu, au tochi, au mtoto. Shotigani ya pampu inataka mikono miwili muda wote, tena ukiwa umesimama sawasawa.

Pia urefu. Pampu ina karibu mita moja kutoka kitako hadi mdomo. Kwenye kona ya korido mtutu unatangulia kabla ya jicho, na anayekungoja upande wa pili anaushika tu.

Shibiri

Kweli, ila tusiifanye bastola rahisi. Ni ngumu kuliko zote tatu. Alama ya kulengea ya mbele na ya nyuma ziko umbali wa sm 15 tu. Kosa la mm 1 kwenye alama ya mbele linakuwa karibu sm 5 kwa mita 7. Mkono unaotetemeka hukosea mm 3 au 4, yaani umetoka mwilini umehamia dirishani. Shotigani inakaa begani, inashikwa sehemu tatu, kosa linapungua.

Anayechagua bastola atenge hela ya risasi 50 kila mwezi kwa miezi sita ya mwanzo, kwenye kiwanja kinachotambulika, na mazoezi makavu nyumbani (silaha tupu, imekaguliwa mara mbili, risasi ziko chumba kingine). Asiyeweza kutenga hiyo asinunue bastola.

Na kukwama kwake kwa kawaida ni kosa la mkono. Ukiishika kilegevu, slaidi hairudi nyuma kamili na ganda linabanwa kwenye tundu la kutokea. Dawa: gonga kitako cha magazini, vuta slaidi yote nyuma, iachie yenyewe. Ukiisindikiza kwa mkono mbele haifungi vizuri.

Fundi Kitasa

Pampu nayo ina ugonjwa wake: kuvuta nusu. Mtu akipaniki anavuta mpini kidogo, ganda tupu halitoki, jipya linapanda, yanakutana njiani. Hapo una rungu la kilo 3. Mazoezi ni sentensi moja: vuta mpaka ikome, sukuma mpaka ikome, kwa nguvu, kila mara.

Kitako pia. Cha kawaida ni kama sm 35 kutoka triga hadi begani. Mtu mfupi analazimika kuegemea nyuma, risasi ya kwanza inampiga shavu, ya pili anafumba macho kabla ya kufyatua. Kitako cha sm 32 au 33 kinamaliza tatizo hilo, na fundi silaha mwenye leseni anaweza kukibadilisha.

Sasa nitetee ya tatu, maana naona inapitwa kama jamaa wa kijijini. Mitutu miwili ukiivunja unaona chemba zote mbili (mahali risasi inapokaa) kwa macho. Hakuna "nilidhani iko tupu". Hakuna magazini ya kusahau, hakuna mpini wa kuvuta nusu. Risasi ya kwanza ikigoma, mtutu wa pili uko tayari palepale. Kuijaza tena polepole ni sekunde 5 mpaka 8, huo ndio udhaifu wake. Wakati wa kununua angalia kama sefti (kizuizi cha triga) inarudi yenyewe kila ukiivunja: nyingi ziko hivyo, na usipojua hilo utabana triga usiku na isifyatuke.

Chumvi ya Bahari

Mmesahau adui anayekuja kila siku: unyevu. Dar, Tanga, Mombasa, silaha inaota kutu kabatini bila kuguswa.

Sanduku la sponji ni la kusafirishia tu. Sponji inanyonya unyevu na kuukandamiza kwenye chuma; baada ya wiki tatu za masika unakuta alama za sponji zimechorwa kwa kutu. Ala ya ngozi ndiyo mbaya zaidi kwa bastola. Weka silaha wazi ndani ya kabati, pamoja na gramu 500 za silika ya kunyonya unyevu, ile inayobadilika rangi. Ikibadilika iweke kwenye oveni, nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili tatu, irudishe. Kila baada ya wiki mbili pitisha kitambaa chenye mafuta mepesi ya silaha, na kila ukiishika kwa jasho ipanguse siku hiyohiyo. Mafuta yawe utando tu. Yakichuruzika yanaingia kwenye fataki ya risasi (kiwashio cha baruti) na risasi inakufa.

Za shotigani: ganda ni plastiki. Likikaa miezi ndani ya bomba huku springi inalisukuma, linaweza kutanuka na kukataa kuingia chembani. Zitoe kila miezi mitatu, zipitishe kidoleni, zilizobonyea ziende mazoezini.

Za bastola: usikoki risasi ileile na kuitoa kila asubuhi. Kichwa kinasukumwa ndani ya ganda kidogo kidogo, nafasi ya baruti inapungua, shinikizo linapanda siku ya kufyatua. Ukiona imefupika kuliko wenzake, usiitumie.

Kifungu18

Kwa Tanzania, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ni ya mwaka 2015. Maombi yanaanzia chini, serikali ya mtaa au kijiji, yanapanda kupitia kamati za ulinzi na usalama na polisi. Sababu ya kuomba inaandikwa, na utahojiwa juu yake. Waliokuwa wanamiliki wakati wa uhakiki wa 2016 wanakumbuka foleni. Tunza kumbukumbu zako. Kenya ni Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na bodi ya leseni. Cheti cha kule kinataja silaha na idadi ya risasi unazoruhusiwa. Ukikutwa na zaidi, ni kosa. Silaha za kivita usiziote: kifungu cha 4A kinataja AK 47, G3 na MP5 kwa majina.

Kibali ni cha mtu, si cha nyumba. Kwa hiyo hesabu ya "hata mama watoto ataitumia" inaanguka kama mama watoto hana kibali chake.

Kuhusu kufyatua: Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kifungu cha 18 hadi 18C, inaruhusu kujitetea kwa nguvu ya kadiri inayohitajika. Neno ni kadiri. Anayekimbia na televisheni mgongoni hakutishii maisha tena. Ukimpiga mgongoni, utetezi wako umekimbia naye.

Baada ya tukio: toa risasi chembani, weka silaha chini pale itakapoonekana, piga 112, usiokote maganda, usisogeze kitu. Polisi wakiingia wasikukute na chuma mkononi, maana hawajui nani ni nani.

MkaziWaKaunti

Na kabla ya tukio: usizunguke nyumba kumtafuta mtu. Familia yote chumba kimoja, mlango umefungwa, king'ora kimewashwa, simu imepigwa, halafu unapaza sauti kwamba una silaha na polisi wanakuja. Wewe uko nyuma ya kitanda, pembeni, ukiutazama mlango. Tochi ya lumeni 300 hadi 500 ni lazima. Bila kuona sura hufyatui, kwa sababu kivuli kwenye korido saa nane usiku mara nyingi ni dada anaenda chooni.

Mtu wa Jipsamu

Salamu kutoka Houston. Huku watu wanasifu raifo ya AR-15 kwa ndani ya nyumba, kwa kuwa risasi nyepesi za .223 huwa zinavunjika mapema zikigonga kitu. Msichukue ushauri huo mzimamzima. Kuta za huku ni jipsamu mbili na hewa katikati, sheria ni nyingine, majirani wako mbali. Kinachohamishika ni masikio: mlio ndani ya chumba unapita desibeli 150, na madhara ya kudumu kwa mlio mmoja huanza kwenye 140. Weka vizuia sauti vya masikioni pembeni ya silaha.

Mlinda Kizingiti

Nimehama kwenye pampu. Kwa korido hii na watoto hawa: bastola kama mwenye kibali atalipa mazoezi, na asipoweza, mitutu miwili. Kilichobaki ni kabati. Ukuta wa chumba ni tofali zenye matundu. Bolti zitashika?

Fundi Kitasa

Hazitashika. Mwizi akitikisa mara tatu, bolti inakuja na kipande cha tofali. Njia mbili: toboa mpaka upande wa pili na uweke bamba la chuma la mm 6 nyuma, au fungia sakafuni kwenye zege, bolti nne za M12, kina cha sm 8 hadi 10. Mimi ningefunga sakafuni, kwenye kona, ili mtaimbo ukose nafasi ya kuingia.

Ukubwa unafuata silaha. Shotigani inataka kabati la sm 120 kwenda juu, halifichiki. Kijisanduku cha bastola kinafichika, lakini kisipofungwa bolti mwizi anabeba vyote viwili, anaenda kukifungulia kwao. Risasi ziwe na sehemu yake yenye ufunguo wake.

Kama ni la namba za kubonyeza, betri ibadilishwe kila miezi sita hata kama bado inawaka. Ufunguo wa dharura usiuache ndani ya kabati lenyewe (mnacheka, nimeulizwa hili mara nyingi), wala juu ya fremu ya mlango, ambako mtoto wa miaka sita akipanda kiti anafika. Kisha zima taa, lala kitandani, jipime kwa saa: kutoka kuamka hadi kabati kufunguka. Ukizidi sekunde 20, hamisha kabati.