"Ukifungua umenunua": maduka ya kamera mjini yanatuuzia mitumba kwa bei ya mpya

Assalaam alaykum wakuu. Nina hasira na sitaki kuificha. Uzi huu ni wa kila anayepiga picha Unguja na Pemba, awe anapiga harusi kwa malipo au anapenda tu kutoka na kamera yake Forodhani magharibi. Kuna maduka hapa mjini yanatuuzia kamera zilizokwishatumika ndani ya maboksi yanayong'ara, kwa bei ya kamera mpya, halafu yanajificha nyuma ya kauli moja: ukifungua umenunua.

Mnaijua kauli hiyo. Unaingia dukani, boksi limekaa kabatini nyuma ya kioo, sili yake ipo. Unaomba lifunguliwe uangalie kilichomo. Muuzaji anakasirika kama umemtukania mama yake. "Dada, hii mpya, sili hatuvunji. Ukifungua umenunua." Basi unalipa, unafungua, unakuta kasoro, unarudi. Sasa anakwambia ushafungua, imeshakuwa mali iliyotumika, hairudi. Kabla hujalipa huna haki ya kuona, ukishalipa huna haki ya kulalamika. Huo ni mtego, na umetegwa makusudi.

Yaliyonifika mimi ni haya. Kazi yangu ni kupiga picha shughuli za wanawake: singo, kesha, maulidi, kumtoa bibi harusi. Mule wanaume hawaingii, kwa hiyo ni sisi wapiga picha wa kike tu, na taa mara nyingi ni globu mbili za ukumbini na rangirangi za wapambaji. Nilijikusanyia fedha za msimu wa harusi nikaenda duka moja pande za Darajani, nikanunua Canon EOS 250D na lenzi yake ya 18-55, na kando lenzi ya 50mm f/1.8 kwa ajili ya mwanga mdogo. Zaidi ya milioni mbili, taslimu. Risiti nikapewa ya kuandika kwa mkono, imepigwa muhuri wa "mali ikishauzwa hairudishwi". Ya kielektroniki niliambiwa mashine mbovu.

Nikaiwasha nyumbani. Kamera mpya ukiiwasha mara ya kwanza inakuuliza tarehe, saa na eneo ulipo. Hii haikuuliza chochote, saa ilikuwa tayari inakwenda. Nikatia kadi mpya kutoka kwenye pakiti yake, tupu kabisa, nikapiga picha moja ya dirisha. Faili likajiandika IMG_4187. Canon huendeleza hesabu ya mafaili hata ukibadilisha kadi, kwa hiyo picha ya mwanzo ya kamera mpya kwenye kadi tupu inatakiwa iwe IMG_0001. Hii yangu ilishapiga maelfu kabla sijaigusa. Na inaweza kuwa zaidi, maana hesabu ikifika 9999 inarudi mwanzo.

Nikaigeuza. Chini ya bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, kuna nambari ya siriali. Nikaiweka sambamba na ile iliyobandikwa kwenye boksi. Nambari mbili tofauti! Si kwamba tarakimu moja imefutika, hapana, hazihusiani kabisa. Tundu la kufungia stendi limechubuka rangi pande zote, na pale juu panapoingia flashi chuma kimekwanguliwa. Kamera hii imefanya kazi kwa mtu mwingine, ikachoka, ikasafishwa, ikavishwa boksi la kamera nyengine.

Lenzi nayo. Ubavuni mwa boksi imeandikwa 18-55mm IS STM, yaani ile yenye kutuliza mtikisiko wa mkono, ina swichi mbili ubavuni: moja ya fokasi, moja ya kutuliza. Iliyomo ndani ina swichi moja tu. Ni ile ya 18-55mm f/3.5-5.6 III, ya bei ya chini kabisa, isiyotuliza kitu. Mtu asiyezijua hatoona, zote nyeusi, zote 18-55. Atajijua siku ya shughuli, akirudi nyumbani na picha za bibi harusi zilizotikisika.

Ile ya 50mm ndiyo iliyoniliza. Niliimulika kwa tochi ya simu, mwanga ukapita kutoka nyuma kuja mbele, nikaona nyuzi nyembamba nyeupe zimetambaa pembeni mwa kioo cha ndani. Ukungu. Nyinyi wa visiwani mnaujua. Hewa yetu ina chumvi na unyevu mwaka mzima, na masika ndiyo balaa. Lenzi ikikaa kwenye unyevu wa zaidi ya asilimia 60 muda mrefu, ukungu unaota, na ukiota unatoa asidi inayokula rangi ya kinga iliyopakwa juu ya kioo. Ukiwahi fundi ataufuta, ukichelewa alama zinabaki milele. Mtu makini anahifadhi kwenye kabati la kukausha, au walau kwenye ndoo yenye mfuniko mzuri na vifuko vya silika. Wauzaji wetu lenzi za laki kadhaa wanazipanga kwenye kabati la kioo lenye joto la taa, mlango wa duka uko wazi kwa upepo wa bahari asubuhi mpaka usiku. Halafu wanakuuzia ule ukungu kama kitu kipya.

Na zawadi waliyonipa! Flashi moja isiyo na jina kubwa, "tumekutilia bure dada". Haikuwaka hata mara moja. Hapa mnisikilize wenye 250D na 4000D, kwa sababu wengi mnadhani kamera zenu mbovu: hizi zimetengenezwa bila ile pini ya katikati pale juu. Flashi rahisi na trigga (vifaa vya kuwashia flashi kwa mbali) za pini moja zinategemea pini hiyo hiyo, kwa hiyo haziwaki kamwe. Zinazowaka ni za Canon wenyewe na chache za makampuni mengine zinazojua kuzungumza na kamera hizo. Muuzaji wa kamera anatakiwa alijue hilo kuliko mimi. Analijua, ndiyo maana anaitoa bure.

Nilirudi dukani kesho yake na kila kitu, na picha nilizopiga za nambari zote mbili. Yule kijana hata hakutazama. "Dada, ushafungua." Nikamwambia kaka yangu, nambari ya boksi si ya kamera. Akasema maboksi huchanganyika kwenye mzigo. Nikamwambia lenzi si iliyoandikwa. Akasema zote moja tu. Nikamwambia kuna ukungu. Akanijibu mbele ya wateja kuwa nimeuleta kutoka kwangu. Kwa usiku mmoja! Mwisho nikaambiwa bosi yupo Dubai, nisubiri arudi. Nimesubiri, nimepiga simu, sasa hazipokelewi.

Mtumba wenyewe siupingi. Kamera yangu ya mwanzo ilikuwa mtumba, nilinunua kwa mtu nikijua ni mtumba, kwa bei ya mtumba, na ilinilisha. Mfumo wa lenzi wa EF wa Canon ulianza 1987, na lenzi ya miaka hiyo ikiwa safi unaifunga kwenye 250D leo na inafanya kazi. Hiyo ndiyo raha ya kamera hizi za kioo, yaani DSLR, zenye kioo ndani kinachoakisi picha. Niambie tu ukweli, nitakulipa thamani yake.

Tatizo linakua kwa sababu kamera mpya za aina hii zinakwisha duniani. Nikon D3500 ilitoka 2018 na uzalishaji wake umeshasimama, na D5600 vilevile. Canon 1D X Mark III na Nikon D6, kamera kuu za kioo za makampuni hayo, zote ni za 2020, na wakubwa wa Canon walishasema ile yao ndiyo ya mwisho ya daraja hilo. Makampuni yamehamia kwenye kamera zisizo na kioo. Sasa ukiona duka letu lina rundo la D3500 "mpya", jiulize zimetoka wapi. Ama zimekaa ghalani miaka kwenye unyevu, ama zimerudishwa na wenyewe huko nje, zikakarabatiwa na kuvishwa maboksi. Zipo za kweli, sikatai. Lakini tutazijuaje kama kufungua ni marufuku?

Na wanacheza na majina pia. Canon ile ile inaitwa 250D kwa soko la Ulaya, Rebel SL3 Marekani na Kiss X10 Japani. Ile ya 2000D Marekani inaitwa Rebel T7. Kuna mtu ameambiwa SL3 ni "toleo la juu" la 250D akaongezwa bei. Kitu kimoja hicho! Tena ya Marekani inakuja na waranti ya Marekani, ambayo hapa haikusaidii kitu.

Shoga yangu wa Wete aliuziwa Nikon D5600 na lenzi ya 50mm f/1.8D, akaambiwa zinaendana. Zinafungana kweli, lakini D5600 haina mota ya fokasi ndani ya bodi na lenzi ile inaitegemea mota hiyo, kwa hiyo kila picha anazungusha kwa mkono. Yeye hata kurudi kugombana hawezi, ni boti na nauli na siku ya kazi. Wauzaji wanajua watu wa Pemba hawarudi. Kitu kibovu wanamuwekea mgeni wa boti.

Sote tumesoma chuo cha Kurani. Sote tulifundishwa kuwa Mtume (SAW) alipita sokoni akatia mkono kwenye rundo la chakula, akakuta juu kikavu, chini kimelowa, na mnajua alilomwambia yule muuzaji. Kufungua boksi ni kutia mkono kwenye rundo. Muuzaji anayenizuia nisitie mkono anajua chini kumelowa. Na khiyari ya kurudisha kitu chenye kasoro iliyofichwa iko kwenye fiqhi tangu zamani, muhuri wa mpira kwenye karatasi hauifuti.

Ninachotaka maduka yafanye hakina ugumu. Boksi lifunguliwe mezani mbele ya mteja kabla fedha haijatoka. Mteja atie kadi yake, apige picha moja, atazame nambari ya faili. Nambari ya bodi na ya lenzi ziandikwe kwenye risiti, zote mbili, kwa mkono wa muuzaji. Lenzi imulikwe kwa tochi. Kwa Nikon, hesabu ya shata (pazia la ndani linalofunguka kila unapopiga picha) imo ndani ya picha yenyewe, mtu anaisoma kwa programu ya bure. Kwa Canon nyingi inataka waya na kompyuta, basi duka liwe na kompyuta. Shata ina umri: D850 imepimwa kwa mibofyo 200,000, 6D Mark II kwa 100,000. Huwezi kuniuzia kitu chenye umri bila kuniambia kimeshaishi kiasi gani. Na ninyi wanunuzi, duka likikataa, tokeni. Msione haya. Tukitoka watu kumi kwa wiki, sili zitavunjwa.

NYONGEZA (usiku): Nimesoma majibu yenu. Aliyesema ningevuka nikanunue Kariakoo Dar, mchezo ni huo huo, wenzetu wa bara wameshalia humu. Aliyesema nihamie kamera zisizo na kioo, ahsante, lakini nina sababu: 250D kwa betri moja imepimwa picha 1,070 ukitazama kwa tundu la kutazamia, si kwa skrini, na shughuli zetu zinaanza alasiri mpaka usiku wa manane umeme ukikatika na kurudi. Na lenzi zangu nyengine ni za EF, sina fedha ya kuanza upya.

Aliyeandika kuwa "Zanzibar hakuna watu wa kamera, ndiyo maana maduka yanafanya hivyo", nimeumia kuliko alivyoniumiza muuzaji. Capital Art Studio pale Mji Mkongwe ilifunguliwa 1930. Bibi zetu wamepigwa picha mule. Usitudharau.

Wanaouliza jina la duka: sitalitaja hapa kwa sasa. Zanzibar ina sheria yake ya ushindani halali wa biashara na kumlinda mtumiaji, ya 2018, na malalamiko yangu nayapeleka kwa maandishi pamoja na picha za nambari. Mwenye risiti na boksi lisilolingana na kamera yake kutoka duka lolote la mjini, anitumie ujumbe, twende pamoja. Wa Pemba hamna haja ya kuvuka, pigeni picha chini ya bodi, ubavu wa boksi na risiti, nitawabebea.

Na kwa mwenye duka, kama unapita humu, na najua unapita: niletee kamera yenye nambari iliyo kwenye boksi langu, na lenzi iliyoandikwa kwenye boksi hilo, na 50mm safi. Au nirudishie fedha yangu yote. Nina harusi tatu mwezi ujao.